Baiskeli ya mzazi: tazama goti kabla ya bei

Huenda nawe, msomaji, ni miongoni mwa wale wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru au Eldoret ilhali baba na mama wamebaki nyumbani. Watu wa aina hiyo huniletea kliniki swali moja mara kwa mara: Daktari, mzazi wangu amefika miaka 60. Nikimnunulia baiskeli nitakuwa nimemsaidia au nimemtafutia balaa? Si baiskeli ya kubebea abiria wala magunia. Ni ya kumfikisha sokoni mara moja kwa juma, kanisani Jumapili, na kwenye zahanati siku ya kuchukua dawa za presha.

Jibu langu ni kwamba itamsaidia, mradi ichaguliwe kwa kuutazama mwili wake na njia atakayopita. Wengi hufanya kinyume. Huingia dukani, wakavutiwa na rangi, springi na gia nyingi, wakalipa, wakaifunga juu ya basi. Mzazi huipokea kwa furaha, akaipanda mara mbili, goti likamuuma au akaanguka, na baiskeli ikaishia kuegemezwa ukutani hadi kuku wakafanya makao juu yake.

Katika makala haya nitachukua mfano wa Kalemng'orok, kituo kilichoko Turkana Kusini kando ya barabara kuu itokayo Kitale kwenda Lodwar na kuendelea hadi Kakuma. Nimekichagua kwa sababu mambo yote magumu yamekutana pale: jua kali, mchanga, miiba, malori, na umbali wa kufika hospitali kubwa. Atakayejua kuchagua baiskeli ya Kalemng'orok hatashindwa kuchagua ya Kitui wala ya Kilifi.

Faida yake, na mpaka wa faida hiyo

Mtu anapotembea, kila hatua hulibebesha goti uzito wa mwili, tena kwa kishindo. Anapoendesha baiskeli, sehemu kubwa ya uzito huo hubebwa na kiti, huku goti likikunjwa na kukunjuliwa bila kugongwa. Ndiyo maana mzee ambaye gegedu la goti lake limeanza kulika, yaani ile tabaka laini inayozuia ncha za mifupa kusuguana, aghalabu huweza kuendesha kilomita tatu ilhali kutembea kilomita moja humtoa jasho la maumivu. Misuli ya paja hupata nguvu, na misuli hiyo ndiyo inayolishikilia goti.

Moyo na mishipa hufaidika vilevile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma. Mazoezi ya wastani ni yale yanayomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Safari nne za kwenda na kurudi, kila upande dakika 20, zinazidi kiwango cha chini cha mwongozo huo.

Hata hivyo, usidanganyike kwamba baiskeli itafanya kila kitu. Mifupa huwa imara inapobebeshwa uzito, na kwenye baiskeli uzito uko juu ya kiti. Mama aliyekoma hedhi, ambaye mifupa yake inaendelea kupoteza uimara, anahitaji kuendelea kutembea kwa miguu hata akiwa na baiskeli nzuri namna gani.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kijana akianguka huchubuka, akajipangusa vumbi, akaendelea. Mtu wa miaka 60 na zaidi akianguka kwa ubavu anaweza kuvunjika mfupa wa nyonga, na akijikinga kwa kunyosha mkono anaweza kuvunjika kifundo cha mkono. Nyonga iliyovunjika kwa kawaida huhitaji upasuaji. Kutoka Kalemng'orok hadi hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Lodwar ni zaidi ya kilomita 100. Mzee aliyelala majuma mengi bila kuinuka hupatwa na vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda miguuni. Kwa hiyo unapochagua baiskeli, jambo la kwanza la kuuliza ni: je, hii itamwangusha?

Mpime mzazi kabla ya kupima baiskeli

Kabla hujatoa hata shilingi moja, mwombe mzazi aende zahanati akapimwe shinikizo la damu. Likiwa limefika 180 kwa 110 au zaidi, baiskeli ingoje hadi dawa zilishushe. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide ajue kwamba mazoezi hushusha sukari. Abebe peremende au sukari mfukoni na asipande kabla ya kula. Anayepatwa na kifafa, au anayezimia bila sababu kujulikana, asipande kabisa.

Macho nayo yatazamwe. Turkana ni miongoni mwa maeneo ya Kenya ambako ugonjwa wa vikope, au trakoma, umewaharibia watu wengi macho, na mtoto wa jicho huwapata wazee kila mahali. Mzee anayeona watu kama vivuli jua linapompiga usoni hataliona shimo wala mbuzi anayevuka njia. Upasuaji wa mtoto wa jicho utangulie, baiskeli ifuate.

Kisha kuna jaribio dogo lisilogharimu kitu. Asimame karibu na ukuta, mtu mwingine akiwa kando yake, ainue mguu mmoja na ahesabu polepole hadi kumi. Abadilishe mguu. Akiyumba na kushika ukuta kabla ya kufika kumi kwa kila mguu, mizani ya mwili wake haijawa tayari. Afanye zoezi hilo kila siku kwa mwezi mmoja, kisha ajaribu tena. Wapo wanaofaulu baada ya mazoezi hayo. Wapo wasiofaulu, na kwa hao nashauri fedha za baiskeli ziwe akiba ya nauli ya bodaboda, tena bodaboda wa kuaminika asiyekimbia.

Swali la mwisho ni kama amewahi kuendesha. Aliyejua ujanani hasahau, ijapokuwa atahitaji siku chache za kurudiwa na ujasiri. Ambaye hajawahi kabisa, kujifunza akiwa na miaka 62 kunawezekana, lakini kutaka kumfunza kwa njia ya simu ukiwa Nairobi ni ndoto.

Fremu: jambo ambalo mzee atalipinga

Ukiniuliza ni kitu gani kimoja nitakachokikazania, nitasema fremu yenye bomba la chini, ile ambayo mtu huipanda kwa kupitisha mguu mbele ya kiti badala ya kuurusha nyuma juu ya keria. Madukani huitwa baiskeli ya kike. Wazee wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka, wakati baiskeli inayumba na mguu mmoja uko hewani. Mwenye nyonga ngumu hawezi kuuinua mguu kiasi cha kutosha, na mama aliyevaa sketi ndefu au shuka hana namna ya kuurusha kabisa.

Kwa mama hakuna ubishi. Kwa baba upo, tena mkubwa. Mgonjwa wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alimwambia mwanawe kwamba ni heri atembee kwa magoti kuliko aonekane sokoni juu ya baiskeli ya mwanamke. Usibishane na mzee kwa maneno. Mpe nafasi azijaribu zote mbili pasipo watazamaji, naye mwili wake utamweleza. Akishikilia msimamo, basi angalau fremu ya kiume iwe ndogo kiasi kwamba akisimama ameipanua miguu yake, nyayo zote mbili zikiwa chini, kubaki nafasi ya upana wa vidole vitatu kati ya bomba la juu na mwili wake. Akikosa nafasi hiyo, siku atakaposimama ghafla ataumia mahali ambapo hatapenda kumwonyesha hata daktari.

Ile baiskeli nzito nyeusi tuitayo Black Mamba ina sifa zake. Ni imara, na vipuri vyake viko kila soko. Lakini ina uzito wa takriban kilo 20 ikiwa tupu, fremu yake ni ndefu, na breki za vyuma virefu zinahitaji mkono wenye nguvu. Ni chombo cha kijana anayebeba mzigo. Mama wa miaka 60 akiiangukia, au ikimwangukia, kuinyanyua tu ni kazi. Ukiongeza mtungi wa lita 20 wa maji kwenye keria umeongeza kilo nyingine 20, tena juu na nyuma, mahali pabaya zaidi kwa mizani. Mwambie mzazi wazi kwamba maji yabebwe kwa njia nyingine. Yeye na kikapu kidogo cha mbele watosha.

Kiti na goti

Goti linaloumia kwa sababu ya baiskeli aghalabu linaumia kwa sababu ya urefu wa kiti. Kiti kikiwa chini mno, goti hukunjwa kupita kiasi na maumivu huja mbele, chini ya kile kifuniko cha goti. Kikiwa juu mno, maumivu huja nyuma ya goti, na nyonga hucheza huku na huku. Ukipigiwa simu uambiwe goti linauma, uliza kwanza linauma mbele au nyuma, na utakuwa umejua la kufanya.

Unaweza kumpima mzazi ukiwa mbali. Mtu wa nyumbani amsimamishe dhidi ya ukuta bila viatu, aweke kitabu kigumu katikati ya mapaja, akibane juu kabisa kama mtu aliyeketi juu yake, kisha apime kwa utepe wa fundi cherehani kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Tuseme ni sentimita 80. Zidisha kwa 0.88, utapata kama sentimita 70. Huo ndio urefu unaofaa kutoka katikati ya ekseli ya pedali, kufuata bomba la kiti, hadi juu ya kiti. Kwa mtu anayepanda mara chache, anza sentimita mbili au tatu chini ya hapo ili vidole vya miguu viguse ardhi anaposimama. Akizoea baada ya majuma machache, kiti kipandishwe kidogo kidogo.

Beba kipimo hicho dukani. Baiskeli nyingi za bei nafuu zina mtaimbo mfupi wa kiti, na kwa mtu mwenye miguu mirefu, nao si wachache Turkana, kiti hakifiki kinapotakiwa. Kwenye mtaimbo huo kuna mstari uliochongwa unaoonyesha mwisho wa kuupandisha. Kuuvuta kupita mstari ni kumwekea mzazi mtego, kwa maana utapinda au kuvunjika siku atakapokanyaga jiwe. Mtaimbo mrefu zaidi hauna bei kubwa. Mwambie muuzaji aubadilishe palepale.

Kiti chenyewe kiwe kipana, kwa kuwa mzee huendesha akiwa wima na uzito wote uko kwenye makalio. Usukani uwe juu kuliko kiti. Vidole vikifa ganzi, maana yake anaegemea mikono kupita kiasi, basi usukani uinuliwe. Mwanamume akisikia ganzi sehemu za siri asione haya kusema, maana mshipa umebanwa. Ncha ya kiti ishushwe kidogo, na ikiendelea kiti kibadilishwe.

Breki, na gia ambazo hazihitaji

Dukani, simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kwa vidole viwili vya mkono wako wa kushoto, ule dhaifu ikiwa unatumia wa kulia, kisha isukume mbele. Gurudumu lisizunguke hata kidogo. Fanya hivyo kwa breki ya nyuma. Ukilazimika kukaza meno ili ishike, fikiria mama mwenye baridi yabisi ya vidole atafanyaje. Breki za waya zenye raba mpya hufaa kuliko zile za vyuma virefu. Zipo pia zile za kurudisha pedali nyuma, na kwa mtu mwenye mikono dhaifu ni nzuri, ila fundi wa kuzitengeneza hapatikani kila kituo.

Jambo moja ambalo wanunuzi wa mitumba hawaambiwi: baiskeli kuukuu zitokazo nchi za Ulaya kama Ujerumani na Uholanzi, zikiwa na breki mbili za mkononi, huwa na breki ya mbele upande wa kushoto, ilhali kwa desturi ya Kiingereza iko kulia. Mzee aliyezoea moja akipewa nyingine atabana ya mbele akidhani ni ya nyuma, na atapita juu ya usukani. Fundi anaweza kubadilisha waya kwa dakika chache. Hakikisha amebadilisha.

Kuhusu gia, Kalemng'orok hakuna milima ya kupanda kwenda sokoni. Gia moja yatosha, au tatu zilizofichwa ndani ya gurudumu la nyuma ukizipata kwa bei ya mtumba. Gia 18 na 21 zinazotangazwa kwenye baiskeli mpya za bei rahisi ni vyuma vyembamba vinavyojaa mchanga, vikapinda, mnyororo ukaruka. Springi za mbele kwenye baiskeli hizo huongeza uzito na bei, wala hazimfai mtu anayekwenda mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Ningependa wauzaji wanisamehe, lakini springi hizo ni pambo.

Njia mbili, zote na dosari

Barabara kuu ya Kitale hadi Lodwar iliwekwa lami katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway, ikaja ikachakaa vibaya kwa miaka mingi. Ni njia ya malori yaendayo Lodwar, Kakuma na Sudan Kusini, na lori likimpita mzee kwa kasi, upepo wake tu unatosha kumyumbisha. Pembeni kuna vijia vya mchanga ambako hakuna malori, lakini kuna miiba, hasa ya mathenge, mti ulioletwa nchini kati ya miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na ambao umejaa katika sehemu nyingi za Turkana.

Mimi namshauri mzazi achague kijia. Pancha huzibwa kwa nusu saa. Lakini basi baiskeli ichaguliwe kwa ajili ya kijia: tairi nene zenye upana wa inchi mbili hivi, si zile nyembamba zinazozama mchangani na kumwangusha. Gurudumu la inchi 26 ndilo bora, kwa kuwa tairi na tyubu zake zinapatikana kwa urahisi. Fundi akate tairi kuukuu, aondoe kingo, alitandike ndani ya tairi jipya kabla ya kuweka tyubu. Ujanja huo wa zamani huzuia miiba mingi. Na tyubu iwe na vali ya aina ile ya pikipiki, ili mzazi ajaziwe upepo na mwendesha bodaboda yeyote. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na hata Lodwar, kutafuta fundi na vipuri si taabu kama ilivyo katika kituo kidogo. Kwa mtu wa Kalemng'orok, kifaa cha ajabu kikiharibika kitangoja safari ya mtu anayekwenda mjini.

Mwiba wa mathenge hautoboi tairi tu. Ukiingia mguuni huacha kidonda kirefu chembamba, na kidonda cha namna hiyo ndicho kinachopendwa na vijidudu vya pepopunda. Mzazi aulizwe lini alichanjwa mara ya mwisho. Avae viatu vilivyofungwa, si kandambili wala akala, hasa kama ana kisukari na nyayo zimepungua hisia.

Fedha zigawanywe vipi

Tuseme umeweka kando shilingi 15,000. Usizimalize zote kwa baiskeli. Tafuta iliyotumika, yenye fremu nzuri, kwa shilingi 10,000 au 11,000, na zinazobaki zigharimie raba mpya za breki, tairi kama zimepasuka pembeni, tyubu mbili za akiba, pampu, viraka na gundi, spana, kengele, viakisi mwanga mbele na nyuma, na kofia ngumu ya kichwani. Ukipungukiwa, punguza kwenye baiskeli, usipunguze kwenye kofia. Kofia imbane vizuri, mkanda upite chini ya kidevu, na isiwe iliyowahi kuanguka kwenye ajali.

Ukinunua iliyotumika, pitisha kidole mahali mabomba ya fremu yalipounganishwa, hasa nyuma ya usukani na chini karibu na pedali. Rangi iliyopasuka kama uzi ni dalili ya ufa, na ufa hauzibwi kwa maneno ya muuzaji. Inua gurudumu ulizungushe: likiyumba kidogo fundi atalinyoosha kwa kukaza spoku, likiyumba sana liache. Kutu ya juu juu haina neno. Omba risiti, na andika namba iliyochongwa kwenye fremu.

Basini baiskeli hufungwa juu ya paa, pedali zikiwa zimetolewa na usukani umegeuzwa. Hapa watu huharibu kitu kizuri kwa kutojua jambo dogo. Pedali ya kushoto ina hesi za kinyume: hukazwa kwa kuzungushwa kinyume cha mishale ya saa. Kijana wa nyumbani akiilazimisha kwa njia ya kawaida ataharibu hesi, nayo itakuja kung'oka mzee akiwa njiani. Mpigie simu kabla basi halijafika, na umwambie apeleke kwa fundi.

Juma la kwanza

Aanze penye uwanja mgumu na tambarare, kama uwanja wa shule siku ya mapumziko, mtu mwingine akiwapo. Siku za kwanza afanye mazoezi ya kupanda, kusimama na kushuka tu. Kisha dakika 10, halafu 15. Baada ya juma moja fundi akaze tena kila nati, kwa kuwa zote hulegea mwanzoni.

Joto la mchana Lodwar hufika nyuzi 35 mara nyingi, na Kalemng'orok haiko mbali na hapo. Mzazi aende kabla ya saa tatu asubuhi au arudi baada ya saa kumi na nusu jioni, lakini si gizani. Anywe maji kabla ya kuondoka, abebe mengine. Mtu mzima hasikii kiu mapema kama kijana, na anayemeza vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo hupoteza maji na chumvi upesi zaidi. Akisikia kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, ashuke, akae kivulini, anywe. Akianza kusema mambo yasiyoeleweka na ngozi ikawa ya moto, huo ni ugonjwa wa hatari: alowanishwe maji mwili mzima, apepewe, na apelekwe hospitali papo hapo.

Maumivu ya kifua yanayobana na kuelekea bega, mkono au taya yanamaanisha ashuke na asipande tena hadi aonwe na daktari. Dawa za mafua zinazoleta usingizi, na pombe ya aina yoyote, haziendi pamoja na baiskeli.

Akianguka

Watu wa nyumbani wajue hili kabla halijatokea. Asiyeweza kusimama, au ambaye mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine na wayo umegeukia nje, amevunjika nyonga hadi ithibitishwe vinginevyo. Asivutwe, asikandwe, wala asibebwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Mguu ulioumia ufungwe pamoja na ule mzima kwa shuka, kitambaa laini kikiwa katikati, alazwe chali, na itafutwe gari.

Aliyegonga kichwa anaweza kuinuka, akacheka na kusema hana neno. Atazamwe kwa saa 24 na asilale peke yake usiku huo. Kutapika, kichwa kuuma zaidi na zaidi, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu kulegea, au damu na majimaji kutoka sikioni ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo. Anayemeza aspirini kila siku au warfarin asingoje dalili hizo. Apelekwe mara tu alipogonga kichwa, na vidonge vyake vibebwe mfukoni ili daktari avione.